Uliyewahi kulazwa wodi ya akili, au kuuguza ndugu huko: siku ya kuruhusiwa ilikuwaje? Tupeane uzoefu

Kijana wa Duka
Wakuu, habari zenu. Mtaani kwetu Mirembe ni tusi. Hospitali hiyo ya akili ipo Dodoma tangu 1927, lakini wengi tunaijua kwa utani tu: mtu akiongea peke yake, "huyo wa Mirembe".

Habari za kulazwa zinasimuliwa sana, kamba, polisi, sindano. Mimi nataka habari za kurudi nyumbani.

Naanza. Kaka yangu alilazwa hospitali nyingine, jina silitaji. Aliingia akiwa hajalala siku nne, anagawia wapita njia hela za duka. Baada ya wiki sita nikaitwa nimchukue. Nikakabidhiwa mfuko wa vidonge: "Asubuhi kimoja, usiku viwili." Basi. Kumbe jana yake walikuwa wamembadilishia dawa.

Siku ya pili nyumbani shingo ikapinda kushoto, macho yakaganda juu kwenye dari. Mama akaita majirani waje kuomba. Mimi nikaita bodaboda. Daktari wa zamu aliuliza swali moja tu, "Anatumia haloperidoli?" Akachoma sindano, na haikupita muda kaka akaomba uji. Nikaambiwa dawa ile huwafanya hivyo baadhi ya watu, na kuna kidonge, Artane, cha kutuliza. Wiki sita hakuna aliyenitajia!

Mama Pacha
Mimi ndiye niliyelazwa. Wodini unameza dawa mbele ya nesi, kisha unafungua mdomo aone. Nilizoea. Kilichonishinda ni mama mkwe kuniambia nifungue mdomo mezani, wanangu wanaangalia.

Wa Eastlands
Huku Nairobi ni "Mathari" badala ya Mirembe, matusi ni yaleyale. Shangazi yangu alikaa siku tisa zaidi baada ya daktari kumruhusu. Bili ilikuwa imelipwa. Kila mmoja kwetu alingoja mwingine aende. Hata mimi.

Nesi wa Usiku
Kijana wa Duka, hilo ni kosa letu. Foleni ikijaa, ndugu anapewa mfuko na maneno manne. Usiondoke bila kuuliza dawa ina madhara gani na dalili za kurudi kwa ugonjwa ni zipi. Kwa mtu kama kaka yako, angalia usingizi kwanza: akianza kukesha huku ana nguvu tele, usingoje agawe hela. Anayetumia Largactil, dawa nyingine ya wodi zetu, ajikinge na jua, ngozi inaungua upesi. Na nafuu isiwe sababu ya kuacha dawa. Wengi tunaowapokea mara ya pili walijiona wamepona. Anayesahau vidonge aulizie sindano ya mwezi.

Mama Pacha, pole. Mdomo ni wa wodini, mwambie mama mkwe nimesema mimi.

Kijana wa Duka
Asante, nesi. Kaka amerudi dukani. Juzi mteja kamuuliza, "Wewe si ndiye uliyekuwa Mirembe?" Akajibu, "Hapana, Dodoma sijafika bado." Akamhesabia chenji.