Ninaogopa kuanza mazoezi baada ya kujifungua kwa upasuaji

Mama wa Tanga:
Ndugu zangu, nilijifungua kwa upasuaji, na siku 84 za likizo yangu ya uzazi zinaelekea ukingoni. Kidonda kimepona na kliniki wameniruhusu kufanya kazi nyepesi, lakini kila nikitaka kufanya mazoezi nasita, kwa hofu kwamba mshono utaachia. Nikiinuka kitandani, katikati ya tumbo hutokeza tuta. Mama mkwe anasisitiza nifunge mkaja na kula mtori asubuhi, mchana na jioni, ilhali wenzangu wa kazini wananiambia niache wanga kabisa. Ninanyonyesha na sitaki maziwa yapungue. Nianzie wapi?

Mkunga mstaafu:
Hongera kwa mtoto, mwanangu. Hofu yako ina msingi, na asikuambie mtu kwamba ni uvivu. Tuta hilo mara nyingi ni dalili ya misuli ya tumbo iliyoachana wakati wa ujauzito. Lala chali, kunja magoti, weka vidole juu kidogo ya kitovu, kisha inua kichwa taratibu. Ikiwa wiki nane zimepita na mwanya kati ya misuli hiyo bado unaingiza vidole viwili au zaidi, muone mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, kabla ya kujaribu mazoezi ya kuinua kiwiliwili. Kwa sasa kaza misuli ya nyonga kana kwamba unazuia mkojo, bila kubana pumzi, kisha ilegeze. Fanya hivyo mara 10, kwa vipindi vitatu kila siku. Mkaja usiobana sana unaweza kukupa nafuu ya mgongo, lakini haurudishi nguvu za misuli. Damu ikianza kutoka tena, mshono ukiuma, au ukihisi uzito unaosukuma kuelekea ukeni, acha mazoezi uende kituo cha afya.

Mama wa watatu:
Dada, mimi nilikwamishwa na kutojiamini kuliko nilivyokwamishwa na mwili. Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza mwaka 1977 kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake hujengwa zaidi na jambo alilolifanya mwenyewe akafaulu, na pia kwa kuwaona watu wa hali yake wakilifanya. Kwa hiyo usisubiri hofu iishe ndipo uanze. Chagua matembezi ambayo una hakika utayamaliza, hata kama ni kufika dukani na kurudi, uyarudie mpaka yawe mepesi, ndipo urefushe njia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa mwanamke aliyejifungua, lakini linasisitiza kuanza kidogo na kuongeza polepole. Tafuta jirani mwenye mtoto mchanga mtembee pamoja. Picha za mitandaoni za waliorudi matumbo bapa kwa wiki chache zitakuvunja moyo bure.

Afisa lishe:
Wenzako wa kazini sikubaliani nao hata kidogo. Anayenyonyesha huhitaji takriban kilokalori 500 zaidi kwa siku, na kujinyima sasa kutakuondolea nguvu ya hayo matembezi. Mtori ni chakula kizuri, hasa ukiwa na nyama, lakini mlo mmoja kati ya hiyo mitatu uwe ugali au wali kwa dagaa au maharage, pamoja na mchicha uliokamuliwa ndimu, kwani ndimu husaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Chai huyazuia, hivyo inywe saa moja au mbili baada ya kula. Upasuaji hupoteza damu. Omba upimwe wingi wa damu, usije ukadhani uchovu wote unatokana na kukosa mazoezi. Kuhusu maziwa, mazoezi ya wastani hayayapunguzi. Nyonyesha kabla ya kutoka ili matiti yawe mepesi, na unywe maji ya kutosha.

Mama wa Tanga:
Ninawashukuru sana. Nimejipima, mwanya unaingiza vidole vitatu, kwa hiyo nitaomba rufaa ya fiziotherapia na kupimwa damu siku hiyohiyo. Mama mkwe amekubali mtori ubaki wa asubuhi.