Nakonde VAT ni 16%, kwetu 18%. Nikifuata mzigo kule naokoa ngapi?

Mwana wa Mwanjelwa
Wakuu habari za jioni. Nina duka la vyombo hapa Mbeya mjini: hotpoti, chupa za chai, seti za sufuria, vitu vya kawaida tu. Mzigo huwa nafuata Kariakoo, na gharama ya kuusafirisha siku hizi inaniumiza. Sasa nimesikia Zambia VAT yao ni 16% wakati sisi tunakatwa 18%. Tunduma siyo mbali, na ukishafika unavuka kwa miguu tu uko Nakonde. Swali langu rahisi: nikinunua mzigo wa kama milioni 10 kule, hiyo asilimia mbili inabaki mfukoni kwangu au kuna kitu sikijui? Naombeni ushauri wa kitaalamu, matusi hapana.

Kipara wa Igawa
2% ya milioni 10 ni laki mbili. Toa nauli, toa wabebaji, toa ugali samaki pale stendi, toa na ile ya "bosi niachie ya maji". Unarudi Mbeya unadaiwa.

Dada Rungwe
Kila siku kutafuta upenyo wa kodi, halafu barabara ikiwa na mashimo mnakuja humu kulia. Kariakoo ina ubaya gani? Lipa kodi ndugu yangu, Mungu atakuongezea.

Mzee wa Breki
Mimi nimepiga sana semi trela ya Lubumbashi, hiyo Tunduma naijua. Zamani foleni unalala mpaka mbwa wa pale wanakuzoea. Walipofungua kituo cha pamoja mwaka 2019 ikawa nafuu, mnamalizana na pande zote mbili sehemu moja. Ila foleni ikiamua siku yake, imeamua. Kuna kijana wangu wa gari aliwahi kuposa kabisa kwenye foleni ile, na mahari akapeleka. Wana watoto sasa.

Wakala Mstaafu
Mleta uzi, umeanzia hesabu pabaya. VAT haifuati mahali uliponunua, inafuata mahali bidhaa inapokwenda kutumika. Ile 16% ni ya anayetumia Zambia. Mzigo ukiingia Tanzania unakutana na 18% ya hapa, uwe umetoka Nakonde au umetoka China. Tena haiji peke yake. Tuseme forodha wamekubali thamani ya milioni 10 na bidhaa yako iko kwenye ushuru wa 25%. Hapo ni 2,500,000. VAT inapigwa juu ya 12,500,000, yaani 2,250,000. Jumla 4,750,000, bado tozo ndogondogo na hela ya wakala wa forodha.

Halafu bei uliyoiona dukani Nakonde ina ile 16% ndani. Ili isikuhusu, muuzaji inabidi akuuzie kama mzigo wa kwenda nje, na karatasi za forodha zioneshe umetoka. Ukibeba kimyakimya umewaachia. Kwa hiyo hukwepi VAT, unaweza kujikuta umebeba mbili.

Nijibu mawili: umesajiliwa VAT? Na mzigo umeshanunua au bado?

Mwana wa Mwanjelwa
Shukrani mkuu. VAT sijasajiliwa, mauzo yangu hayafiki huko. Lakini si tuko SADC na Zambia, ushuru ulishafutwa? Na kuna jamaa kaniambia mzigo wa chini ya dola 2,000 unapita kwa fomu nyepesi, kwa hiyo nikiugawagawa...

Wakala Mstaafu
La pili hujajibu. SADC wanasamehe bidhaa iliyotengenezwa ndani ya SADC na yenye cheti cha uasili. Geuza hotpoti yako, soma chini imeandikwa nchi gani. Hiyo ya dola 2,000 ni ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa bidhaa za nchi wanachama, na Zambia siyo mwanachama. COMESA, lile soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, nao wana utaratibu wao wa wafanyabiashara wadogo, ila sisi tulijitoa mwaka 2000. Na huko kutosajiliwa kunakubana zaidi: mwenye VAT akilipa 18% mpakani anaikata kwenye ritani yake ya kodi, kwako inakuwa gharama moja kwa moja. Kiwango cha lazima kujisajili ni mauzo ya milioni 200 kwa mwaka tangu 2023, kwa hiyo sikulaumu.

Mjomba wa Majuu
Mambo haya yapo hata Marekani. Mimi naishi Vancouver, siyo ile ya Canada, hii ya jimbo la Washington. Kwetu kodi ya mauzo inapita 8%, wanaiongeza kaunta, bei ya kwenye kibandiko siyo unayolipa. Ng'ambo ya mto Columbia kuna Portland, jimbo la Oregon, kodi hiyo hawana kabisa. Wikiendi daraja linajaa watu wanaofuata TV. Ila sheria ya Washington inasema ukirudi nayo unadaiwa kodi ya matumizi, asilimia ileile. Ukinunua gari ndiyo utaijua vizuri, kwa sababu husajili bila kuilipa. Ya TV watu wananyamaza.

Kipara wa Igawa
Mjomba, wewe ya kwako ulilipa?

Mjomba wa Majuu
Tuendelee na mada.

Mama Ilomba
Mleta uzi baba, unazunguka. Umeulizwa mzigo umenunua au hujanunua. Neno moja tu.

Mwana wa Mwanjelwa
Sawa. Nimenunua. Nusu bado iko stoo Nakonde, nusu imeshavuka, iko kwa shemeji Tunduma. Vijana wa bodaboda wameivusha kidogokidogo, hotpoti mbili tatu, kama mtu katoka sokoni. Msianze kuniita mtu wa magendo, hivi ni vyombo vya jikoni siyo bangi. Watu pale wanavuka na madumu na magunia kutwa nzima, mimi nikatangaze mifuniko? Na kurudisha haiwezekani, hela ni ya kikoba cha mke wangu, mwezi ujao wanagawana. Nilitaka kujua ile nusu iliyobaki tu.

Kipara wa Igawa
Ngoja kwanza. Mwanzo ilikuwa "nikinunua". Sasa nusu imevuka, shemeji kaingia, kikoba kimeingia. Na akaunti imefunguliwa leo. Wakuu hii ni chai, na muuzaji wa chupa ndiye kaileta.

Mwamba wa Vwawa
Ingekuwa chai ningefurahi. Huyu ni mtu wa kodi. Anasubiri mmoja wenu aseme "pitia kwa fulani". MSITAJE NJIA.

Dada Rungwe
"Ushauri wa kitaalamu, matusi hapana." Mwenye duka la vyombo anaandika hivyo kweli? Nilihisi.

Mwana wa Mwanjelwa
Jamani! Naweka picha. Hiyo risiti ya kwacha imeandikwa kwa peni, jina la duka nimelifuta. Hotpoti ni zile za maua ya zambarau, na hiyo ya mbele kifuniko kimepasuka, bodaboda alianguka nayo kwenye tope. Mtu wa kodi atapasua hotpoti yake?

Mzee wa Breki
Hizo za zambarau nazijua, kibonyezo chake hakimalizi mwaka.

Wakala Mstaafu
Awe wa kodi, awe wa chai, jibu halibadiliki. Nusu ya Nakonde: tafuta wakala mwenye leseni, mpe risiti yenye bei halisi, akupe makadirio kabla hujapakia. Kwa milioni 5, kwa hesabu ileile, ni 2,375,000. Nusu ya Tunduma: mzigo ambao haujalipiwa unaweza kutaifishwa, na chombo kilichoubeba pia, na shemeji aliyeuhifadhi hawezi kusema hakujua. Usiupandishe basi. Peleka wakala akaongee na forodha kabla wao hawajaongea na shemeji. Faini ipo, ila kwenda mwenyewe na kukutwa ni vitu viwili.

Mwana wa Mwanjelwa
Sasa kwa hesabu hiyo si bora hiyo ya stoo niiuzie hukohuko Nakonde?

Wakala Mstaafu
Ungeanza na swali hilo.

Mama Ilomba
Na mkeo anajua?

Mwana wa Mwanjelwa
Anajua niko Kariakoo.

Mama Ilomba
Kikoba chao wanakutana siku gani? Na sisi tunagawana mwezi ujao.