Skripti ya Google Ads: matumizi yanapita kikomo na mibofyo inatoka nje ya maeneo yaliyolengwa

Muuliza swali

Ndugu wanajukwaa, ninasimamia kampeni zaidi ya 200 katika akaunti moja ya Google Ads, mfumo wa matangazo wa Google. Kila kampeni ina kikomo chake cha matumizi ya mwezi na orodha yake ya miji, na orodha hizo hubadilika karibu kila wiki. Kwa kuwa kazi hii ilikuwa ikila asubuhi yangu yote, niliandika skripti, yaani programu fupi, inayosoma lahajedwali na kuiwekea ratiba ya kila saa. Hatua ya kwanza huangalia gharama ya mwezi ya kila kampeni na kuisitisha iliyofikia kikomo, na ikiona kampeni inakwenda kwa kasi mchana huipunguzia bajeti ya siku. Hatua ya pili hufuta maeneo yote ya kampeni, kisha huyaweka upya kama yalivyo katika lahajedwali.

Mwezi uliopita kampeni yenye kikomo cha 9,000 ilifunga ikiwa imetumia 9,610. Tena ripoti inaonyesha mibofyo ya miji isiyomo katika orodha, na kuna usiku mmoja ambapo mibofyo ilitoka hata katika nchi ambazo sijawahi kuzilenga. Nimeupitia msimbo mara nyingi bila kuona kosa. Je, kasoro imo katika skripti, au ni mimi nisiyeelewa jinsi mfumo unavyofanya kazi?

Mchangiaji wa kwanza

Nitajibu la bajeti tu. Huenda msimbo wako hauna kosa lolote. Ila umeitegemea skripti ifunge bomba, na skripti husoma mita iliyochelewa. Gharama unayoipata kwa getCost, amri ya kusoma gharama, inaweza kuwa nyuma kwa saa tatu hivi, na ratiba ya kila saa haikuahidi dakika maalumu ndani ya saa hiyo. Kampeni inayotumia 100 kwa saa itakuwa imekwisha kupita kikomo kwa 300 au zaidi kabla skripti haijapata habari.

Kisha kuna suala la bajeti ya siku, ambalo wengi hulielewa visivyo. Kiasi unachokiweka ni wastani. Tangu Oktoba 2017, mfumo unaruhusiwa kutumia hadi mara mbili ya kiasi hicho katika siku moja, mradi jumla ya mwezi isizidi kiasi hicho mara 30.4. Ukibadilisha bajeti katikati ya mwezi, ukomo wa siku zilizobaki huhesabiwa kwa kiwango kipya. Lakini kwa siku ile ya badiliko, kinachotazamwa ni bajeti ya juu kabisa uliyokuwa nayo siku hiyo. Kwa hiyo kuipunguza mchana hakukusaidii kama unavyodhani, na kuipandisha asubuhi kisha kuishusha jioni kunakuachia ukomo ule wa asubuhi.

Ningekushauri uache kubadilisha bajeti kila saa, na ufanye hesabu mara moja tu, mapema baada ya siku kuanza. Chukua kikomo cha mwezi, toa kilichokwisha kutumika, gawanya kwa siku zilizobaki pamoja na ya leo. Ikiwa ni tarehe 11 ya mwezi wenye siku 30 na kampeni yako ya 9,000 imetumia 3,900, zimebaki 5,100 kwa siku 20, yaani 255 kwa siku. Kusitisha kampeni kubaki kama kinga ya mwisho, tena kufanyike kabla ya kikomo kufikiwa ili kufidia ule ucheleweshaji. Tarehe nazo zipatikane kwa kutumia saa za eneo za akaunti yenyewe, la sivyo tarehe 1 skripti inaweza kuhesabu mwezi usio wake.

Na hakikisha kampeni hizo hazishiriki bajeti moja. Zikishiriki, ukiigusa ya moja umezigusa zote.

Mchangiaji wa pili

Kuhusu maeneo, ule usiku mmoja ndio ulionishtua. Kampeni isiyo na eneo lolote lililolengwa huonyesha matangazo yake duniani kote. Skripti yako hufuta kwanza na kuweka baadaye, na skripti ya akaunti moja hukatizwa ikifikisha dakika 30. Ikikatizwa katikati ya kazi hiyo, kampeni hubaki bila mipaka mpaka mzunguko unaofuata. Geuza mpangilio: linganisha maeneo yaliyopo na yale ya lahajedwali, ongeza yanayokosekana kwa amri ya addLocation, kisha ndipo uondoe yasiyotakiwa. Siku nyingi utakuta hakuna la kubadilisha, na muda wa kuendesha skripti utapungua sana. Katika lahajedwali tumia pia namba za utambulisho wa maeneo badala ya majina, kwa sababu miji yenye jina moja ni mingi. Kwa mfano, 2840 ni Marekani na haiwezi kuwa kitu kingine.

Mibofyo ya kawaida kutoka nje ya orodha ina sababu nyingine. Mpangilio wa awali wa kampeni hujumuisha watu waliopo katika eneo na hata wale wanaoonyesha tu kuvutiwa nalo. Anayetafuta hoteli za mji wako akiwa mbali huhesabiwa. Badilisha mpangilio huo ubaki kwa watu waliopo, kisha uchote takwimu kutoka ripoti ya user_location_view, inayoonyesha mahali mtu alipokuwa hasa. Ukiitumia ripoti ya geographic_view utachanganya makundi hayo mawili, na huenda ukaona tatizo mahali ambapo halipo.

Muuliza swali

Nawashukuru sana. Nimefungua kumbukumbu za skripti, na usiku ule kweli ilikatizwa ilipofikisha dakika 30. Nimeandika upya sehemu ya kulinganisha maeneo. Sasa ninataka skripti iziwashe tena, kila tarehe 1, kampeni ilizozisitisha, lakini isiziguse zile nilizozisitisha mwenyewe kwa mkono. Je, kuna njia salama?

Mchangiaji wa tatu

Tumia lebo. Skripti iibandike lebo yake kila kampeni inayoisitisha, na tarehe 1 iziwashe zenye lebo hiyo pekee, kisha iiondoe. Endesha kwanza katika hali ya hakikisho, ambayo huorodhesha mabadiliko bila kuyatekeleza.

Jihadhari na jambo moja zaidi: amri ya AdsApp.campaigns haileti kampeni za Performance Max (zinazoonyesha matangazo katika huduma mbalimbali za Google), za Shopping (za bidhaa) wala za video, ambazo kila moja ina amri yake. Ikiwa unazo, skripti haizioni kabisa, na gharama zake hazimo katika hesabu zako.