Nadharia za unasihi zinanichanganya, nishike ipi?

Mwl_Malezi: Habari zenu wakuu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nimepewa kitengo cha malezi na unasihi (ushauri nasaha), na jioni nasomea stashahada. Darasani tumepitishwa kwa waasisi wa nadharia hizo, Freud, Rogers, Ellis, Beck, mbio mbio. Mtihani nafaulu. Lakini binti wa kidato cha tatu akiingia ofisini akasema "Mwalimu, mimi sifai kitu", hapo naanza na nani kati ya hao? Nishike nadharia moja au nichanganye?

Dada wa Kliniki: Mwalimu, hongera kwa kazi. Anza na masikio, nadharia itafuata. Rogers aliandika mwaka 1957 juu ya masharti ya mtu kubadilika, na matatu ndiyo yanafundishwa kila mahali: mnasihi awe mkweli, amkubali mteja bila masharti, na auone ulimwengu kwa macho ya mteja. Kwa huyo binti, usikimbilie "usiseme hivyo, wewe una akili". Ukisema hivyo umemfunga mdomo. Mrudishie: "Unajiona hufai kitu. Hebu nisimulie." Halafu nyamaza, hata kama kimya kinakuwasha. Na "kwa nini" ipunguze. Shuleni swali hilo mtoto kalizoea kwa mwenye fimbo, atajitetea tu.

Jambo jingine, kauli kama hiyo usiiache ipite. Muulize waziwazi kama amewahi kufikiria kujidhuru. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, na siku hiyohiyo mfikishe kwa wataalamu wa hospitali.

Fundi Mawazo: Naongezea. Ukishamsikiliza, Ellis anakusaidia kupanga: tukio, imani, matokeo. Kafeli hesabu, anajiambia "mimi ni wa kufeli tu", anaanza kukwepa vipindi. Kazi yako iko pale katikati, kwenye imani. Ila kama nyumbani analala njaa au anapigwa, tafadhali usimfundishe kubadili mawazo! Hilo ni la ustawi wa jamii, na namba ya simu 116 ya kusaidia watoto ipo.

Mzee wa Kijiwe: Mambo ya wazungu hayo. Sisi tuna mashangazi na masheikh.

Dada wa Kliniki: Mzee wangu, shikamoo. Mashangazi wapo na wanasaidia, ila shangazi anakupa jibu lake. Harare, Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14, wakawa wanakaa na wagonjwa kwenye mabenchi ya kliniki. Walifundishwa mbinu ya kutatua matatizo hatua kwa hatua, na jibu linatoka kwa mgonjwa mwenyewe. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha dalili za msongo na sonona (huzuni nzito isiyoisha) zilipungua. Bibi ni wetu, mbinu ni ya kusomea.

Mzee wa Kijiwe: Marahaba. Hapo sawa.

Fundi Mawazo: Mwalimu, kuhusu kuchanganya: shika moja mpaka ikukae, nyingine azima baadaye. Mazoezi fanyeni watatu watatu: mnasihi, mteja, mtazamaji, kisha mnabadilishana. Mtazamaji ahesabu tu maswali ya mnasihi yanayojibika kwa ndiyo au hapana, mtashangaa yalivyo mengi.

Mwl_Malezi: Asanteni sana wakuu. Sasa ofisi yangu ni stoo ya vitabu, walimu wanaingia na kutoka. Nifanyeje?

Dada wa Kliniki: Toeni viti viwili nje, upande wa uwanja. Muonekane na kila mtu, msisikike na yeyote.