Naomba ushauri: jaribio la vipitishi na vihami vya umeme kwa darasa la tano

Mwalimu_Bonde: Habari za jioni, wakuu. Nafundisha sayansi katika shule ya msingi ya kijijini ambayo madarasa yake hayajaingiziwa umeme, na mada iliyo mbele yangu ni vipitishi, vihami na usalama wa umeme majumbani. Watoto waliunganisha betri mbili za tochi, balbu yake ndogo na nyaya. Msumari na kijiko viliwasha taa, rula ya plastiki na kipande cha kandambili havikuiwasha. Walipochovya ncha za nyaya kwenye maji ya chumvi, taa haikuwaka, nao wakaandika daftarini kwamba maji ni kihami. Kuna njia nyingine inayoonyesha vizuri zaidi, ambayo nakusudia kuitumia siku ya wazazi. Je, nianze na vipitishi au vihami?

Mama_Wawili: Mwalimu, anza na soketi za nyumbani. Plagi ya pini mbili haiingii kwenye soketi yetu ya matundu matatu mpaka tundu la juu lisukumwe, kwa hiyo sisi wazazi hutia kalamu hapo, vifuniko vya ndani vikafunguka, tukachomeka chaja. Mwanangu alikuwa akituangalia. Siku moja nilimkuta amepiga magoti, kalamu tayari imo tunduni, na mkono wa pili umeshika pini ya nywele.

Mzee_Mstaafu: Enzi zetu mwalimu alisema umeme hauguswi, nasi hatukuugusa. Siku hizi kila kitu ni jaribio. Watoto wafundishwe kwanza kusikia la mkuu.

Fundi_Waya: Mzee, enzi zenu umeme wenyewe ulikuwa kwa mkuu wa wilaya peke yake. Mwalimu, hiyo njia nyingine ni ipi?

Mwalimu_Bonde: Ni ubao wenye balbu ya kawaida na ncha mbili zilizo wazi, ambazo huchovywa kwenye glasi. Maji ya chumvi yanaiwasha bila shida.

Fundi_Waya: Balbu nimeielewa. Umeme unatoka wapi?

Mwalimu_Bonde: Ni umeme wa kawaida wa volti 230. Naomba tusiharakishe kuhukumu. Balbu ya wati 60 imeungwa mfululizo na ncha hizo, hivyo inapunguza mkondo. Watoto watakaa mbali, na mimi nitasimama penye swichi. Ubao umekwisha kutengenezwa na wazazi wamealikwa.

Fundi_Waya: Gawanya 60 kwa 230: balbu hiyo ikiwaka sawasawa inapitisha takriban ampea 0.26, yaani miliampea 260. Kifaa cha kukata umeme unaovuja, kile cha kumlinda mtu, kwa kawaida huwekwa kikate kwenye miliampea 30. Mwili ulioloa maji unaweza kupitisha mkondo wa kuua hata balbu ikiwa njiani, na sakiti breka ya ampea 16 haitashtuka, kwa sababu kazi yake ni kulinda nyaya zisiungue.

Kipanga_Mweusi: Samahani, mimi nahisi tunasimuliwa hadithi. Mwanzo madarasa hayana umeme, sasa kuna volti 230 na swichi ya kusimamia. Uzi huu umetungwa ili watu wagombane.

Mzee_Mstaafu: Nilishangaa pia. Mwalimu gani anaalika wazazi kutazama hatari?

Mwalimu_Bonde: Sijatunga lolote. Umeme unavutwa kutoka duka lililo ng'ambo ya uzio kwa waya mrefu unaopita dirishani. Maungio nimeyafunga mwenyewe kwa utepe wa plastiki, na mwenye duka ameridhia nimnunulie uniti za LUKU. Shule nyingi huvuta hivyo siku za sherehe.

Kipanga_Mweusi: Basi bora ingekuwa hadithi.

Fundi_Waya: Hilo ndilo ulilopaswa kulitaja mwanzo, maana linaifuta hoja yako ya swichi. Katika waya ulioungwa-ungwa, waya wa moto (unaoleta umeme) na nyutro (waya wa kuurudisha) vinaweza kuwa vimebadilishana, swichi ikakata nyutro peke yake. Hapo balbu itazimika nawe utaamini umeme umekatika, kumbe ncha bado zina moto.

Dada_Maabara: Kosa la jaribio la kwanza liko kwenye balbu ya tochi, kwani inahitaji mkondo mkubwa kuliko ule ambao maji ya chumvi yanapitisha kwa volti 3. Tumia betri ya volti 9, taa ya LED nyekundu na rezista (kijipande cha kupunguza mkondo) ya omu 470, vyote kwa mfululizo, na misumari miwili iliyokaribiana bila kugusana ndani ya kikombe. Mguu mrefu wa LED uelekee upande chanya. Taa itawaka, na kadiri chumvi inavyoongezwa ndivyo mwanga unavyozidi. Jaribio liwe fupi na dirisha liwe wazi. Kisha waambie watoto kwamba taa isipowaka haimaanishi kuwa kitu ni salama kwenye umeme wa nyumbani.

Mama_Wawili: Wafundishwe pia wasimshike mtu aliyenaswa na umeme. Wakimbie kuita mkubwa azime meni swichi kwanza.

Mwalimu_Bonde: Nimekubali ya LED kwa watoto. Hata hivyo, ubao wangu nitauweka mezani wazazi wauone, kwa kuwa nimeugharimia.

Fundi_Waya: Uweke, lakini kata plagi yake kabla hujatoka nao nyumbani. Vinginevyo mmoja wa wageni atauchomeka ili aone.

Mwalimu_Bonde: Sawa, nitaikata. Huku hakuna duka la vifaa vya elektroniki. Rezista hiyo naitambuaje?

Fundi_Waya: Fungua redio mbovu iliyokwisha kutolewa betri, utafute yenye mistari ya njano, zambarau na kahawia, ikifuatiwa na wa dhahabu. Isipokuwamo, mistari ya kahawia, nyeusi na nyekundu ni omu 1,000, nayo itafaa ingawa mwanga utafifia kidogo.