Nimepewa tikiti ya hoki ya nje, Target Field, Januari mosi. Nivae nini, na je, nitaona kitu?

BintiLikoni (28 Desemba 2021)

Asalaam alaykum na hamjambo nyote. Mimi mtu wa Likoni, huku Minnesota huu mwaka wangu wa sita, kazi yangu kutunza wazee. Mwenzangu wa zamu, mama wa Kimarekani mzaliwa wa hapa hapa, mumewe kashikwa na korona, basi tikiti ya mumewe kanipa mimi. Ni hoki ya barafu, Minnesota Wild na St. Louis Blues, Januari mosi saa kumi na mbili jioni.

Ingekuwa ya ndani ningekwenda bila kuuliza mtu. Hii inachezwa nje, Target Field, uwanja wa besiboli wa Twins, ambao hauna paa hata la makuti. Ilikuwa ichezwe mwaka mpya uliopita, korona ikaiahirisha, sasa imeniangukia mimi. Utabiri unasema usiku huo itakuwa chini ya sifuri, na hiyo ni sifuri ya Wamarekani, ya Farenhaiti, si ile ya Selsiasi tuliyosoma shule.

Nina maswali. Nivae nini cha kukaa kitako saa tatu kwenye baridi hiyo? Kutembea hadi kituo cha basi nimezoea, kukaa sijazoea. Halafu viti vyetu viko safu ya tano kutoka chini. Mwenzangu anavisifu, eti ni viti vya wenye pesa. Ni kweli? Na hoki yenyewe siijui. Niijuayo ni ya nyasi, tuliyochezea shule na magongo ya kuazima.

Msiniambie nisiende. Nishasema naenda.

MtuWaTukuyu

Dada yangu wa Likoni, umempata mtu wako. Mimi niko Chicago tangu 2006, na tarehe 1 Januari 2009 nilikuwa Wrigley Field, Blackhawks na Red Wings wa Detroit. Wrigley ni uwanja wa besiboli wa tangu 1914, siku ile tuliingia watu 40,818. Wenyeji waliongoza 3-1 kipindi cha kwanza, nikaanza kuimba na watu nisiowajua. Tukafungwa 6-4. Datsyuk wa Detroit alipita katikati ya watu wetu kama anavuka uani kwake.

Hayo nimesimuliwa na kurudia kuyatazama kwenye runinga, kwa sababu siku yenyewe sikuona. Nilikuwa safu ya chini, kiti nilichonunua kwa mlanguzi kwa pesa inayokaribia nusu ya kodi yangu ya mwezi. Hapo ndipo nataka unisikilize.

Uwanja wa besiboli una umbo la robo ya chapati. Kwenye ncha ndipo mpigaji anaposimama, ule ukingo wa mviringo uko mbali huko. Viti vya chini vimepangwa umtazame mpigaji kwenye ardhi tambarare. Sasa wanakuja watu wa hoki na mstatili wao, mita 61 kwa 26, pembe zimeviringwa, wanautandika kati ya besi ya kwanza na ya tatu, vile vituo anavyokimbilia mpigaji. Mstatili haukai vizuri juu ya robo ya chapati. Unabaki na uwazi mkubwa kati yako na wachezaji, na kiwanja kizima kimezungushiwa ukuta wa ubao unaozidi mita moja, na kioo juu yake. Ukikaa chini unatazama ubao. Unaona vichwa vinapita. Kile kisahani wanachogombania, paki, kina upana wa sentimita saba na nusu, na kiko chini kabisa kwenye barafu. Hukioni. Unajua kuna goli kwa sababu taa nyekundu imewaka na jirani yako anatukana.

Viwanja vya hoki vya ndani, kiti cha chini ni dhahabu. Kwenye besiboli ni kinyume chake: panda juu. Watu wa ghorofa ya juu kabisa, waliolipa kidogo kuliko wote, ndio walioona Datsyuk akifunga. Kama mwenzako atakubali, badilishaneni na mtu wa juu. Mtu atakimbilia kiti chako kabla hajafikiri.

Nguo. Siku yetu ilikuwa kama sifuri ya shuleni, na upepo wa ziwa. Wewe utakuwa na zaidi ya hapo, kwa hiyo nguo inayogusa ngozi isiwe ya pamba. Pamba inakunywa jasho la kupanda ngazi, halafu ukikaa inakugandisha. Vaa sufu au zile za kubana wanazouza kwa wakimbiaji. Buti liwe na nafasi, maana soksi mbili ndani ya buti linalobana ni mbaya kuliko soksi moja ndani ya buti linalopumua. Na chukua katoni. Ndiyo, katoni, lile boksi la kawaida, likunje utie chini ya koti. Baridi haikupati kutoka angani, inapanda kutoka kwenye zege. Nyuma yangu kulikuwa na mzee ameweka kipande chini ya miguu. Nilimcheka. Kipindi cha pili nilimgeukia nikamwomba nusu.

PesaKwanza

Uza tikiti hiyo, angalia nyumbani kwenye TV, tuma pesa Mombasa. Watu wana mambo.

BintiLikoni

PesaKwanza, nimeshatuma ya mwezi huu, asante.

Mtu wa Tukuyu, nimemwambia mwenzangu habari ya kupanda juu, kanitazama kama nimetukana mamake. Anasema safu ya tano ni safu ya tano. Basi tutaona. Kuna mtu wa kunieleza mchezo?

KaziNiKazi_Nairobi

Mimi niko South B, baridi yangu ni ya Julai tu, lakini hoki naijua kidogo. Nilikuwa naenda kuteleza pale Panari, Mombasa Road, kwenye kile kiwanja cha barafu ndani ya hoteli. Pale ndipo Ice Lions wetu wa Kenya walikuwa wanafanyia mazoezi, wale walioalikwa Kanada 2018 wakacheza na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wakubwa wa hoki. Kwa hivyo usiende kama mgeni kabisa, mama.

Ni vipindi vitatu, kila kimoja dakika 20, na saa inasimama mchezo ukisimama. Kila upande wachezaji watano na kipa. Usishangae mtu akitoka na mwingine kuingia bila mchezo kusimama. Wanakimbia kama dakika moja au chini yake, wanachoka, wanaruka nje. Ni kama makanga wa matatu, anashuka gari ikitembea.

Kuna mistari miwili ya bluu. Ukishambulia, paki iingie kwanza kabla yako, ukiitangulia ni ofusaidi. Ukikosea vibaya unafungiwa kibandani dakika mbili, wenzako wanabaki wanne, na hapo ndipo ukae macho kwa sababu magoli yanapatikana. Wakianza kupigana ngumi, usiogope. Waamuzi huwaacha kidogo, halafu wanawatenga kama mashangazi kwenye harusi.

Swali langu kwako: barafu wanaitoa wapi uwanja ambao juzi ulikuwa nyasi?

MtuWaTukuyu

Hilo naliweza mimi, ni fundi wa majokofu. Ligi ina lori lake, trela la futi 53, ambalo kwa kweli ni friji moja kubwa ya kutembea. Wanaweka sakafu juu ya nyasi, kisha trei za alumini, wanapitisha glaikoli ya baridi humo ndani, kimiminika kisichoganda upesi kama maji. Maji wanayapuliza kidogo kidogo juu yake, tabaka juu ya tabaka, siku kadhaa, mpaka yafike kama sentimita tano. Ukimwaga yote kwa pamoja unapata barafu mbovu ya kupasuka. Na adui wa mechi hizi kwa kawaida si baridi, ni jua na mvua. Philadelphia 2012 walisogeza mechi mbele saa mbili nzima kwa sababu ya jua kwenye barafu.

Rekodi ya baridi iko Edmonton, Novemba 2003, kama nyuzi 18 chini ya sifuri. Kipa wa Montreal, José Théodore, alivaa kofia ya sufu juu ya kinyago chake. Dada, naona utabiri wa kwenu, hiyo rekodi haifiki Jumapili.

BintiLikoni (2 Januari 2022)

Nipo hai. Vidole vyote kumi vipo, nimevihesabu.

Nilivaa hivi, kwa faida ya atakayeuliza mwakani: nguo ya sufu ya kubana, suruali mbili, sweta, sweta jingine, koti la kazini, koti la theluji juu yake, kofia mbili za marvin, glavu ndani ya glavu, na leso. Leso niliizungusha usoni ikabaki macho tu. Katoni nilikuwa nayo, boksi la maziwa ya wazee, nimelikunja mara nne. Mlangoni kijana wa usalama akauliza ni ya nini, nikamwambia ni ya miguu. Akasema mamake hufanya vilevile.

Tulishuka kwenye treni, Target Field iko hapo hapo kituoni. Mechi ilipoanza walitangaza kipimo: hasi 5.7 ya kwao, ambayo ni karibu nyuzi 21 chini ya sifuri ya kwetu. Mtu wa Tukuyu, Edmonton imevuliwa taji. Watu zaidi ya elfu 38 walikuwa wameketi pale kwa hiari yao.

Na mnajua Blues walivyowasili? Kaptula. Kaptula, ndara, mashati ya maua na miwani ya jua, wanaburuta mizigo yao kama watalii wanaoshuka Diani. Mimi niliyezaliwa hatua mia mbili kutoka baharini nimefungwa kama maiti, wao wa St. Louis wamevaa za pwani. Nilicheka mpaka mvuke ukanigandia kwenye kope.

Pale kwenye uwazi wa uwanja walitengeneza vidimbwi vidogo vya barafu, watoto wanacheza hoki yao wenyewe bila kujali wakubwa. Kusema kweli, kipindi cha kwanza niliwatazama watoto zaidi. Kwa sababu safu ya tano, ndugu zangu, ni kama alivyosema fundi wetu. Ubao. Kofia zinapita kushoto, kofia zinapita kulia. Kipindi kikaisha 1-1. Kaprizov wa kwetu alifunga, uwanja ukatetemeka, nami nikapiga makofi ya glavu kwa goli nililoliona kwenye skrini kubwa.

Mapumziko nikamwambia mwenzangu, mimi napanda, utanikuta. Akanifuata akinung'unika ngazi zote. Tukasimama nyuma ya safu za juu kabisa, mgongo ukutani, upepo kidogo tu. Hapo sasa nikaiona hoki! Kiwanja chote chini yangu kama bao, nyeupe, na ile paki nyeusi naiona waziwazi, na nikaelewa kwa nini yule kaondoka pale na yule kaja hapa. Mistari ya bluu, ofusaidi, yote. Nikawa naita kabla mwamuzi hajainua mkono.

Tatizo ni kwamba Blues walichagua kipindi hicho hicho kufunga magoli matano. Yule Jordan Kyrou alikuwa kama kalala na joto peke yake, kamaliza mechi na magoli mawili na pasi mbili za goli. Kila likiingia mimi naliona vizuri ajabu, na mwenzangu naye analiona vizuri ajabu. Baada ya la tano akanigeukia: "Kule chini nisingeyaona haya." Hakunisemesha mpaka tukapata chokoleti ya moto.

Kipindi cha tatu Wild walirudisha mawili. Mtu wa Tukuyu, kaa chini kwanza. Imeisha 6-4. Wenyeji wamefungwa. Matokeo yako ya Wrigley yale yale, tarehe ile ile, miaka 13 baadaye. Nikuulize, ulikuwa na mkono hapo?

Barafu nayo, kaka, safari hii walifanya kinyume. Nilisikia pale pale kwamba baridi ilizidi, barafu ikigandishwa mno inakuwa ngumu ya kumeguka, kwa hiyo ile mitambo yao ya friji ilikuwa ikipasha badala ya kupoza. Nchi ambayo barafu inahitaji hita. Wachezaji wenyewe mabenchi yao yana moto chini ya makalio. Sisi tulikuwa na katoni.

Bia ya jirani yangu iliganda mkononi mwake, akaila. Simu yangu ilizima nikiwa na asilimia 60, sikupiga hata picha moja, muiweke kwapani nyinyi mtakaokwenda.

MtuWaTukuyu

6-4! Mke wangu ananiuliza nacheka nini peke yangu. Katoni ilikufaa?

BintiLikoni

Kipindi cha tatu ilikuwa chini ya miguu ya mwenzangu. Aliomba nusu, nikampa yote kwa sababu ya yale magoli matano.

Leso ndiyo sijui. Pumzi ilipita humo saa tatu nzima, ikakakamaa kama ubao wa kukunia nazi, nilipoivua kwenye treni ilibaki na umbo la pua yangu. Nimeitundika bafuni tangu jana usiku. Inadondoka bado.