Ekeveria yangu imepoteza wekundu na inarefuka shingo, nifanye nini?

Mama wa Himbi (Goma)

Jambo wote. Naomba msaada kwa mnaojua mimea ya majani manene, ile inayojipanga kama waridi. Mwezi wa tatu mdogo wangu aliniletea moja kutoka Bukavu. Alisafiri nayo kwa mashua usiku kucha, ameipakata ndani ya gazeti, akanikabidhi bila jani hata moja kuvunjika. Ilikuwa na rangi ya majivu yenye buluu kidogo, na ukingo wa kila jani mwekundu kama umepakwa hina. Wanangu walidhani ni ya plastiki.

Leo ni miezi mitano. Wekundu umekwisha, imekuwa kijani tupu. Shina limerefuka kama kidole changu cha kati na limeinamia dirishani. Majani ya chini yamekuwa ya njano, ukiyagusa yanateleza kama kitunguu kilichopikwa, kisha yanaanguka.

Iko saloni, juu ya meza ya televisheni, dirisha lina pazia. Nimeipanda kwenye kopo la maziwa ya unga, udongo mweusi wa bustani. Kila asubuhi naipa nusu glasi ya maji. Jumamosi naipangusa kwa kitambaa chenye maji, maana vumbi la makoro (mawe ya volkano) linaingia hata ukifunga madirisha. Sijaisahau hata siku moja, na bado inakufa. Mdogo wangu anakuja Krismasi, sitaki akute kopo tupu.

Baba wa Keshero (Goma)

Mama, pole. Hujasema kama kopo lina tundu chini. Kama halina, mizizi inaoza ndani ya maji. Jani lenye kiu hukunjamana kama ngozi ya mzee. Hilo lako laini la njano limeshiba kupita kiasi.

Mmea huu asili yake ni Meksiko, kwenye miamba. Hufungua vitundu vya majani yake usiku, mchana huvifunga ili maji yasipotee. Mwezi wa tano 2021, volkano ilipolipuka na tukaambiwa tuondoke mji, tulikimbilia Sake. Tuliporudi mwezi wa sita, sombe (majani ya muhogo) na nyanya zangu za kwenye ndoo zilikuwa zimekauka kabisa. Ekeveria tatu zilikuwa hai, zimekunjamana tu. Nilizipa maji jioni, baada ya siku mbili majani yakajaa tena. Tangu siku hiyo nazinywesha pale tu udongo umekauka mpaka chini, na huwa ni siku kumi au zaidi. Hapa kwetu bido (jerikeni) la maji lina bei, huu ndio mmea wetu.

Udongo usinunue. Chukua kokoto nyeusi za volkano, ndogo kama punje za mahindi, zioshe mpaka maji yatoke safi, maana ule unga wake ukibaki huganda kama saruji. Sehemu mbili kokoto, sehemu moja udongo. Jiwe letu lina matundu, linapitisha hewa na kushika unyevu kidogo. Watu wa kwingine wanalinunua, sisi tunalikanyaga.

Yaya wa Ibanda (Bukavu)

Baba amesema vema juu ya maji, lakini kilichoondoa wekundu ni giza. Mmea hutengeneza rangi ile kujikinga na jua kali. Ndani ya nyumba rangi haina kazi, mmea unaiacha. Shingo ndefu ni kutafuta mwanga.

Na tafadhali dada, acha kitambaa. Ile rangi ya majivu ni unga mwembamba wa nta ambao jani lenyewe linautoa. Ukiupangusa, jani lile haliupati tena, linabaki na alama ya kidole mpaka lianguke. Vumbi lipulize kwa mdomo.

Usiitoe juani ghafla. Wiki ya kwanza jua la saa moja mpaka saa tatu asubuhi tu, kisha uongeze polepole. Mimi yangu niliiunguza siku moja, mabaka ya kahawia hayakupona. Shina lililorefuka halirudi. Kata kichwa kwa wembe safi, kiache kivulini siku nne kidonda kikauke, kisha kiweke juu ya kokoto kavu. Kisiki usikitupe, kitachipua pembeni.

Mkulima wa Kenya (Lubumbashi)

Huku kwetu Kenya, komini ya mji wa Lubumbashi, zangu zinakuwa nyekundu kabisa mwezi wa sita na wa saba, usiku wa baridi na mchana jua bila wingu. Mvua zikianza zinarudi kijani, hata juani. Kwa hiyo Mama, usihukumu rangi mapema. Ila mvua za Goma za mwezi wa tisa zinakaribia: iweke chini ya ukingo wa tole (bati la paa), ipate mwanga bila kulowa.

Mama wa Himbi (Goma)

Asanteni sana, ndugu zangu. Kopo halikuwa na tundu. Nimeligeuza, maji meusi yenye harufu yametoka, mizizi imekuwa kama uzi uliooza. Kichwa nimekikata jana jioni, kipo juu ya kikombe kivulini.

Nilipovuta pazia niliona majani mawili yaliyoanguka zamani kwenye ukingo wa dirisha, bila udongo, bila tone la maji. Moja limetoa mizizi ya waridi, myembamba kama nywele, na kwenye shina la jani kuna kichipukizi kidogo kama kichwa cha kiberiti. Ukingo wake ni mwekundu. Nilipatie maji?

Yaya wa Ibanda (Bukavu)

Bado. Lilaze juu ya kokoto hapo hapo dirishani, pazia liwe wazi. Mizizi ikishashika chini, lirushie matone machache jioni. Jani mama litanyauka lenyewe, usilivute.